Nilimwambia Baba Mkwe Hana Masikio

Siku niliyomtukana baba mkwe wangu, nilikuwa nimejificha kwenye migomba kwa ajili ya kumheshimu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kaa hapo nikupe mkasa.

Naitwa Jenifer. Kwetu ni Igogwe, nimeolewa kijiji cha Masoko, huu mwaka wa pili. Mume wangu Lugano ni wa bodaboda, mpole, hana neno. Mwenye mambo ni baba yake, Mzee Ambindwile.

Mzee anashika mila za zamani za Kinyakyusa. Mke wa mwanawe hakutani naye uso kwa uso. Hamtazami, haongei naye, wala hakai pale anapokaa. Mkikutana njiani, wewe ndiye unaingia shambani mpaka apite.

Wengi wameshaachana na hayo. Shoga zangu wa Tukuyu mjini wanagombania rimoti na baba wakwe zao. Mimi nikisikia tu mzee anakohoa, natafuta mgomba wa kujificha.

Sasa, nina ugonjwa wangu mmoja. Hip hop.

Kuna kundi mtandaoni la wapenda hip hop wa Mbeya. Humo najiita Kalamu Nyeusi. Wote wanaamini mimi ni mwanaume, na sijaona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Mwaka huu watu wamepagawa na kijana mmoja anaitwa Tofali. Redioni Tofali, kijiweni Tofali, hata akina mama wanaochuma chai wanaimba kiitikio chake. Mara mwandishi bora, mara mfalme wa kizazi chake, mara tuzo.

Mimi nikasema hapana. Nikaandika kwamba dogo ana sauti na biti kali, lakini mistari ni ile ile: geto, njaa, mama, geto. Sifa anazopewa zimemzidi kimo.

Wengi walinitukana wakapita zao. Mmoja akabaki. Anajiita Jiwe la Rungwe.

Huyo Jiwe ni king'ang'anizi. Nikiandika asubuhi, mchana kashajibu, aya ndefu, nukta na mkato mahali pake. Nikajua huyu ni mwanachuo asiye na kazi. Tukavutana mpaka watu wakawa wanaingia kundini kutusoma sisi tu.

Mwisho akanitaka tukutane. Jumamosi, stendi ya Tukuyu, tubishane mbele za watu, waamue kama Tofali anastahili au hastahili. Nikakubali bila kufikiri.

Sasa turudi kwenye migomba.

Nilikuwa nakata ndizi za kupika. Nikasikia kikohozi. Nikajibanza nyuma ya mgomba mnene kama mkwe mwenye adabu zake. Mzee naye, badala ya kupita, akakaa kwenye kisiki palepale njiani. Nikawa sina pa kutokea.

Nikatoa simu kuua muda. Jiwe kaandika tena kwamba Tofali ni mshairi.

Nikamjibu: "Wewe huna masikio. Hayo uliyonayo ni ya kushikilia kofia."

Nikatuma.

Ting.

Mlio ukatokea upande wa pili wa mgomba.

Nikachungulia, dhambi nyingine hiyo. Mzee alikuwa na kofia yake ya siku zote, imekaa juu ya masikio. Kavaa miwani, kaishika simu mbali na uso, anaandika kwa kidole kimoja huku anatikisa kichwa.

Nikajipa moyo kwamba ni bahati mbaya tu. Nikatuma kikaragosi cha kicheko.

Ting.

Kabla sijameza mate, simu yangu nayo ikalia mkononi, tena kwa sauti. Nikaikumbatia kifuani. Mzee hakugeuka. Nikamshukuru Mungu, maana pale nyumbani wote tunajua masikio yake ni mazito. Mama mkwe humwita akafunge ng'ombe mpaka sauti inamkauka.

Jibu lake lilisema: "Kofia yangu inakushukuru. Jumamosi usikimbie."

Kumtukana baba mkwe kwenye ukoo ule si jambo la kusema samahani yakaisha. Ni kikao cha ukoo, ni kurudishwa kwenu na begi lako. Na mimi Lugano nampenda, jamani.

Jioni nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akainuka, akaiangalia simu yangu.

"Jeni, futa hiyo akaunti."

"Halafu aseme nimekimbia?"

"Si umekimbia kweli?"

"Nimeahirisha."

"Mke wangu, baba akijua ni wewe, mimi sina mdomo wa kukutetea. Futa."

Nikashika simu nifute. Iliniuma, siwafichi. Pale nyumbani mimi ni mtu wa kujificha. Kule kundini nilikuwa mtu wa kusubiriwa.

Kabla sijabonyeza, Jiwe akaandika: "Stendi haifai, mvua hii haitabiriki. Tuhamie saluni ya Muddy. Ila nahisi Kalamu hatakuja. Anaogopa."

Kundi zima likacheka.

Mimi, niogope?

Saluni ya Muddy naijua. Ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi. Huku Muddy ananyoa wanaume, kule mkewe Asia anasuka wanawake. Ukisukwa kwa Asia unasikia kila uongo wa upande wa pili na hakuna anayekuona. Nikajiona mjanja kuliko wote. Nitakwenda kusukwa.

Jumamosi nikakaa mapema chini ya mikono ya Asia. Mpango ulikuwa rahisi: nanong'ona, yeye anapaza sauti.

Upande wa pili watu waliguna walipoona Jiwe la Rungwe ni mzee wa kofia. Asia akatangaza kupitia ukutani: "Kalamu Nyeusi kapata dharura. Hoja zake ninazo mimi, nitazisema huku nasuka."

"Sawa," akasema Mzee Ambindwile. "Mimi nina watoto wanne, enyi vijana. Watatu wako Dar. Wakipiga simu wanasema, baba tuko salama. Basi, imetoka hiyo. Siku moja namsikia huyu Tofali anachana kwamba wanapokezana godoro, mmoja analala usiku, mwenzake mchana. Nikampigia mwanangu nikamuuliza, na wewe unalalia nini? Akalia. Sasa huyo aliyenifanya niulize swali hilo, hastahili sifa?"

Mikono ya Asia ikasimama nyweleni. Nilikuwa najua shemeji zangu wanaishi Dar. Hilo la kulia sikuwa nalijua.

Lakini ubishi ni ubishi. Nikanong'ona.

"Kalamu anasema pole, mzee," akasema Asia. "Ila huo ulikuwa wimbo wa kwanza, alikuwa analala hivyo kweli. Sasa ana nyumba, na bado anaimba godoro lile lile."

"Kwa hiyo aliyeshiba asiseme njaa?"

Nikanong'ona jibu. Asia akalivuruga, akasema sijui nini kuhusu samani. Wanaume wakacheka. Damu ikanipanda, nikasahau mila, nikasahau begi, nikasahau kila kitu.

"Aseme njaa, lakini aseme na shibe pia," nikasema mwenyewe, kwa sauti yangu. "Atuambie hilo godoro jipya linamnyima usingizi au vipi. Mkimpigia makofi kwa wimbo ule ule, ataandika ule ule mpaka azeeke. Hamumsifii, mnamlaza."

Mashine ya Muddy ikazimwa. Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikaliona begi langu likiwa mlangoni.

Mzee akakohoa.

"Muddy, mwambie Asia amwambie huyo mama anayesukwa, maharage ya jana chumvi ilizidi. Ila hoja ya leo imekolea vizuri."

Wanaume hawakuelewa. Mimi nilielewa mpaka kwenye unyayo.

"Mwambie pia, siku ile shambani simu yake ililia kweli kweli. Masikio ninayo. Ni mazito kwa mambo ya ng'ombe tu. Na stendi haina ukuta, ndiyo maana nikatuhamishia hapa."

Mimi na ujanja wangu wote, kumbe nimekaa alipopanga nikae.

"Miaka miwili nina mkwe," akaendelea, sauti imeshuka. "Sijui anacheka na nini, sijui anaudhiwa na nini. Huyu kijana Tofali ndiye katukutanisha. Hata kwa hilo tu, mimi sifa nampa."

Nililia kichwa kikiwa nusu kimesukwa, Asia ananipangusa kwa khanga yake.

"Ndaga fijo, tata," nikauambia ukuta. Asante sana, baba.

Mzee akamwambia Muddy amwambie Asia aniambie nisizoee.

Muddy aliomba watu wanyooshe mikono, kura zikagongana, wakaanza kubishana wao kwa wao. Mpaka leo mshindi hajulikani.

Siku hizi jioni mzee anakaa barazani, mimi nipo jikoni, ukuta katikati, na Lugano anapeleka maneno huku na huku akilalamika kwamba amechoka. Mila iko palepale. Ila maharage nayaonja mapema.

Juzi Tofali katoa wimbo mpya, anaimba jumba lake na usingizi unaomkimbia. Yaani kama alikuwa saluni siku ile. Nikakaa kusubiri mzee anipe ushindi wangu.

Ting.

"Huu hapana. Kashiba, katusahau."

Nami nimeupenda wote, mwanzo mwisho. Tumeanza upya.

Funzo langu ni hili. Kabla hujamwambia mtu hana masikio, zima mlio wa simu yako. Na kama kuna mtu wako unayemkimbia kwa heshima, tafuteni ukuta mwembamba muongee.