Mkia wa Nyani, Nafasi ya Lori

Nyani akiwa mwizi shambani kwetu, akionekana porini anakuwa nani? Nilikuwa darasa la saba, katika shule moja upande wa Nyakitonto, na swali hilo lilinipatia viboko badala ya jibu.

Mwalimu wetu wa sayansi, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alitangaza kwamba tutapelekwa Kibondo, kwenye pori la akiba, tukajifunze wanyama kwa macho, si kwa ubao. Lori lilihitaji mafuta. Ofisi ya kilimo, alisema, inanunua mikia ya nyani waharibifu. Atakayeleta mkia atapanda lori. Asiye nao atangoja safari ya pili.

Basi tukaua. Alfajiri tulizingira kichaka walimolala nyani, tukatega nyavu za nguruwe, tukaachia mbwa. Wavulana walishika mapanga, sisi wasichana marungu. Wa kwangu alinasa miguu wavuni. Nilipompiga alilidaka rungu kwa mikono miwili, kama wanawake wanaogombea mchi, akanitazama. Kaka yangu, aliyechelewa kuanza shule tukajikuta darasa moja, akapiga kelele, "Unamsalimia? Piga, wewe!"

Nikapiga mpaka akaachia. Damu ilinirukia mdomoni. Mtoto wake alikuwa bado ameng'ang'ania tumbo lake. Huyo walimmaliza mbwa.

Mdogo wetu wa kike, wa darasa la tano, alikimbia na wawindaji kila mara, na kila mara wakubwa walimpokonya mkia. Siku ya safari alishika ubavu wa lori akilia.

"Kaazime mkia wa mbuzi!" wenzake wakamzomea.

Kaka aliinama kutoka juu. "Nyamaza, mama. Wako nitakuletea mimi."

Nilidhani anambembeleza tu.

Kule porini tulipokelewa na bwana nyama, askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Alituonyesha nyati kwa mbali, vumbi zaidi kuliko nyati. Kisha nyani wakatoka majanini, wakaketi barabarani mbele ya lori, wakachambuana chawa. Hawakutuogopa hata kidogo. Nilikuwa sijawahi kuona nyani asiyekimbia, na nikiwa nimewakodolea macho, kaka akaruka chini na panga la dereva la kukatia matawi. Alimpiga mmoja shingoni. Alikuwa ameinama anakata mkia wakati kitako cha bunduki kilipompata tayani.

"Mnyama wa serikali huyo!" bwana nyama alifoka, akampiga tena.

Kaka alitema meno. "Ni nyani tu. Mwalimu, mwambie. Mkia ni wa mdogo wangu, aje safari ya pili."

Mwalimu alishuka. Sote tulijua anakwenda kumtetea. Akavunja fimbo mtini, akamchapa pale pale alipolala.

"Nani alikufundisha ushenzi huu?"

"Si wewe, Mwalimu?" nikasema nikiwa juu ya lori. "Huyu na wale wa kule shuleni wana tofauti gani?"

Alinishusha kwa mkono. Nilichapwa mbele ya bwana nyama, ambaye sasa alikuwa ameegemea lori, anapangusa bunduki yake kwa majani. Hakuna aliyecheka. Nyani walikuwa wamerudi nyuma kidogo tu, wanatutazama tukipigwa.

Safari ya pili haikuwapo. Kaka alikunywa uji hadi mavuno, taya limefungwa kwa kipande cha kanga, na mtihani wa darasa la saba ukampita. Hakurudi shule tena. Aliyemnywesha ni mdogo wetu. Alishika kikombe, akageuza uso pembeni kila uji ulipochuruzika na damu.

Nilikuwa nimeshamaliza chuo kikuu nilipokutana Kasulu na bwana shamba wa miaka ile, amestaafu. Nikamuuliza kuhusu mikia. Akaniambia ofisi yake ilikuwa imeacha kuinunua kabla sisi hatujaingia darasa la saba, na mwalimu wetu aliarifiwa. Mafuta ya lori yalilipwa kwa maharage ya shamba la shule. Nyani walikuwa wanayala.