Maji Mekundu ya Machimbo Yetu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo jirani yetu Mama Njoki alipanda mteremko na sufuria ya maji, akaiweka mbele ya baba mkwe wangu na kumwambia, "Kunywa."

Maji yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa wimbi. Baba mkwe hakunywa. Nani angekunywa?

Nilikuwa bibi arusi wa juzi tu, nimeolewa huku juu ya Ruiru katika miaka ya hamsini, Hali ya Hatari haijaisha. Wakwe zangu walikuwa na machimbo madogo ya changarawe. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukachekecha na kuosha kwa maji ya mtaro, na lori likaja kutoka Thika kubeba mawe ya barabara. Maji machafu yaliteremka yenyewe hadi kijitoni. Huko chini Mama Njoki, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye mimba, na ng'ombe huyo alikuwa amekataa kunywa.

"Ng'ombe wangu amekushinda akili," Mama Njoki alimwambia baba mkwe. "Jumatatu naleta wazee. Wakikuta maji yako hivi, mnafunga shimo." Akaenda zake, hata sufuria akaiacha.

Shimo likifungwa, mume wangu Kariuki angeenda kukata mkonge upande wa Thika, alale kambini, na kuja nyumbani ni mpaka apewe kibali. Nilimpenda mume wangu, mwanangu, sioni haya kusema. Sikutaka aende popote.

Wanaume wakakimbilia majembe. Walikata mtaro mpya, wakayaelekeza maji kwenye shimo la zamani lililokwisha changarawe, wakapongezana sana. Kufika jioni shimo limejaa, maji yanafurika upande wa pili, mekundu vilevile. Haiya! Haraka haraka haina baraka, lakini nenda ukamwambie mwanamume aliyeshika jembe.

Sasa mimi nilizaliwa na ugonjwa wa kuuliza. Mama aliyenizaa alikuwa akisema nitakuja kuuliza hata jeneza langu linapelekwa wapi. Nilienda kuchukua ile sufuria niioshe, nikakuta juu maji ni meupe kabisa, matope yote yamelala chini. Nikasimama nayo pale. Maji ni yale yale, udongo ni ule ule. Mbona haya yametakata na ya shimoni yamekataa?

Nikamuuliza mama mkwe. Alinicheka mpaka akashika kiuno.

"Kwani hiyo sufuria kuna mtu anaikoroga?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda uangalie shimo linakorogwa na nani."

Nikaenda, nikachuchumaa ukingoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji yalianguka kutoka juu kwa kishindo, yakatibua matope ya chini, halafu yakatokea papo hapo karibu na yalipoingilia. Yalikuwa kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia aketi.

Lakini ningesemaje? Siku zile bibi arusi hakumfundisha baba mkwe kazi. Kuuliza, hata hivyo, hakuna aliyenikataza. Nilipompelekea uji nikainamisha kichwa, nikasema, "Baba, haya maji yana haraka ya kwenda wapi?"

Alicheka, akawaita wanawe waje wamsikie mke wa Kariuki. Kisha akageukia shimo, akaliangalia muda mrefu, uji ukapoa mkononi.

Kesho yake walianza upya. Maji yakaletwa taratibu juu ya mawe, yakatolewa mwisho wa mbali kabisa, yakaingia shimo la pili la zamani, halafu la tatu, na kila mdomo tukaubana kwa mawe na nyasi ili yapite yakinyata. Niliyachungulia kila mara kama mtu anayepikia wageni. Shimo la kwanza mekundu. La pili rangi ya chai. La tatu, nikauona mguu wangu ndani yake.

Jumatatu wazee walisimama kijitoni, na Mama Njoki akamleta ng'ombe. Akanusa. Akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja. Kariuki alikuwa kando yangu. Kisha ng'ombe akainama, akanywa mpaka tukasikia koo lake.

"Haya, chimbeni," akasema Mama Njoki. "Lakini hayo mashimo mtayaacha wazi mpaka nani atumbukie?"

Ilituchukua miaka. Matope yaliyotua yalijaza mashimo, lakini udongo ule haukuotesha hata gugu. Hapo ndipo nilipojua kwa nini mama mkwe, tangu siku ya kwanza, alitubebesha udongo mweusi wa juu tukaurundika kando ya ua na kuufunika nyasi. Nilikuwa nikinung'unika kwamba ananichosha bure! Tuliurudisha juu karai kwa karai, tukapanda nduma kwenye unyevu na migomba palipokauka.

Kariuki hakwenda kwenye mkonge. Alikaa, tukazaa, tukazeeka tukigombana kuhusu migomba ile. Nilipomzika, nilimzika pale pale, kwenye udongo tuliourudisha kwa mikono yetu, na vijana waliochimba kaburi wakashangaa jinsi unavyochimbika laini.

Kwa hiyo, mwanangu, kuuliza si ujinga. Kabla hujaingiza jembe popote, jiulize maji yatapita wapi na nani anayanywa huko chini. Udongo wa juu uweke kando, hata wakikucheka. Ukishachukua chako ardhini, funika ulipochukua.

Mungu akupe macho ya kuchungulia na subira ya kungoja matope yatue. Na walio chini yako kwenye mkondo wakilitaja jina lako, walitaje wakikuombea.