Bosi Alikuja Kaptembwo Kutafuta Ng'ombe Wangu Arobaini

Admin, ficha jina langu, ila makali ya maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja. Nauza dawa na chakula cha mifugo kwenye duka moja hapa Nakuru mjini, mwaka wa nne sasa. Naishi Kaptembwo, chumba kimoja.

Tangu mwaka jana nacheza gemu ya shamba mtandaoni. Unalisha ng'ombe, unakamua, unauza maziwa, shamba linakua. Likishanona naliuza kwa wachezaji wa nje wasio na subira ya kuanzia chini, na pesa inaingia kwa simu. Karo ya mtoto imetoka huko. Nacheza saa ya chai na saa ya lunch, basi. Sijawahi kumwacha mkulima akinisubiri kwa kaunta.

Shida ni kwamba pale dukani kila mtu huongea ng'ombe kutwa nzima. Nikisema, "Leo nimekamua arobaini kabla ya chai," wenzangu wanajua ni gemu. Bosi hupita tu na funguo zake. Alinisikia, hakuuliza, akaweka moyoni.

Mwezi jana tulihesabu stoo, tukakuta magunia sita ya dairy meal, chakula cha ng'ombe wa maziwa, hayapo. Bosi akaniita mbele ya wateja.

"Madam, hizo ng'ombe zako forty zinakula nini?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. "Zinakula bando, boss."

"Unanichezea, eh?"

Nikamwonyesha simu. Akasema hiyo ni katuni ya kumzubaisha. Mchana huo huo alikuja Kaptembwo na soja wa duka, nikifuata nyuma, akamuuliza keateka, yule mwangalizi wa ploti yetu, zizi liko wapi.

"Zizi? Mzee, hapa hata kuku tumekataza!"

Majirani wote walitoka nje. Bosi akaingia kwangu, akainama, akachungulia chini ya kitanda. Sijui alitarajia kupata ndama. Hapo hata mimi nilikuwa nataka kucheka, lakini mtoto wangu akaniuliza, "Mum, umeiba?" Walipoondoka nililia, sitaficha.

Siku mbili baadaye simu ya duka ililia nikaishika mimi. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la bosi, kule upande wa Kariandusi.

"Sasa madam. Ambia boss ile dairy meal alileta na pickup imeisha. Atume ingine."

"Alileta magunia ngapi?"

"Sita."

Nikaweka sauti ya nje nikamwomba arudie. Duka zima likasikia. Bosi mwenyewe ndiye aliyebeba chakula kile na kusahau kuandika!

Mnadhani aliomba msamaha? Aliniletea barua. Inasema nakiri kwamba nacheza gemu kazini, na kwamba "nilipotosha kampuni kuhusu umiliki wa mifugo." Niweke sahihi kufikia Ijumaa au nipoteze kazi. Wenzangu wananiambia, "Si u-sign tu, hiyo ni karatasi." Kwao ni karatasi. Kwangu itakaa kwenye faili, na siku nikitafuta kazi kwingine itasomwa kama mimi ni mwongo na nusu mwizi. Na kazi hii naipenda. Kuna wakulima wanaokataa kuhudumiwa na mtu mwingine. Gemu nayo inaweza kufungwa kesho, siwezi kulea mtoto nayo peke yake.

Ijumaa ni kesho kutwa. Sahihi siweki, hilo sikuja kuuliza. Ninachotaka mnisaidie ni hiki: nimrudishie barua bila sahihi anifute kazi mwenyewe, au niandike yangu, ya kumtaka aniombe msamaha mbele ya wale wale wateja, nimpe na yeye mpaka Ijumaa aweke sahihi? Nipeni akili, wenzangu. Ila anayetaka niombe radhi kwa sababu ya ng'ombe ambao hawapo, apite tu asome vya wengine.