Mbuzi Waingie kwa Miguu Yao

Nakumbuka siku baba yako alipokuja kwetu Migwani kunichumbia akiwa amebeba nyama. Wewe cheka tu, mwanangu, lakini siku hiyo mimi nililia. Ulikuwa mwaka wa ukame, mbuzi wa kwao walikuwa wamekufa, naye akapitia buchari, akanunua mguu mzima, akaufunga vizuri kwa karatasi. Alidhani ntheo, wale mbuzi wanaofunga ndoa kwetu sisi Wakamba, ni chakula tu.

Babu yako aliifungua ile karatasi, akaisifu nyama, kisha akauliza kwa upole, "Nyama nimeona, kijana. Sasa mbuzi iko wapi?"

"Mzee, si ni kitu moja tu?"

"Hapana. Hii tutakula leo iishe. Mbuzi itazaa hapa kwangu, na kila nikiiona nitajua msichana wangu ako kwa watu."

Baba yako aliondoka, nami nikadhani nimempoteza. Kumbe alikwenda Nuu kumchungia mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali mwenye roho safi, aliyemlipa kwa mbuzi. Mvua ziliporudi, aliwaleta akiwaswaga mwenyewe, matope hadi magotini. Siku hiyo nilijua nimependwa.

Ndiyo maana uliponipigia simu juzi kutoka chuoni kwako, Kwa Vonza, ukaniambia wanasayansi sasa wanakuza nyama kwenye mitambo bila kuchinja mnyama, na kwamba tuuze kundi letu lote la mbuzi kabla bei haijaanguka, moyo uliniuma. Kundi hili ndilo linalokusomesha. Sikuiti mjinga. Huenda nyama hiyo ikafika kweli, ikawa rahisi, na hoteli za mjini zikaacha kututafuta. Hilo linanitia hofu hata mimi.

Lakini usiuze kwa woga, mwanangu. Tupunguze madume wanaongoja buchari, tubaki na majike wazuri wa maziwa na wa kuzaa. Mtambo hautatupa samadi ya shamba la pojo, wala mbuzi wa kupeleka kwa wakwe. Jifunze kila kipya kinachokuja, kisha uangalie vizuri watu wanafuata nini kwetu, maana hicho ndicho cha kufuga.

Mungu akutunze huko uliko, akupe mke wa kucheka naye, na asubuhi utakayoamka mimi sipo, akuamshe kwa milio ya vitoto vya mbuzi zizini.