Tuligawana maji sawasawa kwenye ploti yetu Kayole, sasa ufunguo wa tangi unaninyima usingizi

Wakuu, habari zenu. Haya ni yangu mwenyewe na bado hayajaisha, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Chuoni nilibishana sana kuhusu ubepari na ukomunisti. Nilitoka bila kuamini upande wowote.

Kwenye ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga hapa Nairobi, mfereji hutoa maji mara moja kwa wiki, wiki ikiwa njema. Zamani wenye pampu walijaza mapipa yao, kisha wakatuuzia sisi wengine. Soko huria, live. Mama Kendi wa ground floor, ambaye mamake hainuki kitandani, mara nyingi alikosa.

Nikaitisha mkutano kwenye ngazi. Tukachanga, tukaweka tangi la pamoja lenye kufuli. Kila nyumba mitungi sawa. Ufunguo wakanipa mimi, "msomi wetu".

Kwa theory, safi kabisa.

Kisha Muli, bachelor wa juu asiyepika wala kufua, akaanza kuuza mitungi yake. Nikamkabili.

"Comrade," akanicheka, "sawa si ni sawa? Ama sasa unapima kiu ya watu?"

Mama Kendi naye akanishika ngazini. "Sawa gani hiyo, kijana wangu? Mimi nafua shuka za mgonjwa kila siku. Huyo anafua soksi."

Mgao nikauacha vilevile.

Kando kidogo: tangu nishike ufunguo, naletewa chapati ambazo sikuomba. Hizo chapati zinanitisha kuliko kelele za Muli.

Sasa mfereji umekauka, wiki ya pili hii. Nikiligonga tangi, linalia utupu karibu hadi chini. Na leo dadangu, ninayeishi naye, ameruhusiwa kutoka hospitali na mtoto mchanga. Mgao wetu umeisha; yaliyobaki humo ni ya majirani. Hajaniomba kitu. Ananitazama tu, na anajua ufunguo uko mfukoni.

Jioni nimewaita majirani, nikasema nataka kuurudisha ufunguo kabla sijafanya nisichopaswa, nikauliza nani ataushika. Watu wakatazama viatu vyao.

Mkono ulioinuka ni mmoja tu. Wa Muli.

Nilichojifunza: kwenye vitabu vya pande zote mbili sikumbuki ukurasa unaosema ufunguo akae nao nani mtoto akilia.

Nimewaomba wanipe hadi asubuhi. Ninaandika huku mtoto analia chumba cha pili. Wewe ungefanyaje? Nijibuni, lakini msinitajie nadharia.