Kamba Langoni kwa Gichol

Okbun alipoambiwa kuwa mke wa Gichol amejifungua, hakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Aliuliza mabua ya mpunga yako wapi.

Mabua marefu yalikuwa yameadimika. Mashine za siku hizi huvuna na kuyakatakata papo hapo. Ikabidi Gichol mwenyewe, jirani yake, achukue mundu na kukata pembe ya shamba kwa mkono. Gichol alioa akiwa amekwisha kuota mvi, maana wasichana wa rika lake walikwenda Seoul wote wasirudi. Mkewe, Diem, alimtoa Vietnam.

Okbun akakaa barazani, akatemea mate viganja, akaanza kusokota kushoto. Kamba ya kazi husokotwa kulia. Ya mtoto mchanga husokotwa kushoto, ili baya likifika langoni lichanganyikiwe, lirudi lilikotoka.

"Mikono inakutetemeka kama ya mlevi," alisema Jeomrye, shoga yake tangu waolewe kijijini hapo.

"Basi sokota wewe."

"Mimi nimesahau. Mara ya mwisho kamba kutundikwa hapa, marehemu mume wangu alikuwa bado ananinunia."

Wakacheka. Zamani ulikuwa hupiti kichochoro bila kuona kamba. Unakwenda kuazima chumvi, unakuta kamba langoni, unageuza njia. Okbun mwenyewe alitundikiwa mara tano. Alipozaliwa Sukja, binti wa tatu, mama mkwe wake alichomeka matawi ya msonobari kwenye kamba badala ya pilipili nyekundu za mtoto wa kiume, akaenda kulala na njaa kwa hasira.

"Huyu naye ni msonobari," alisema Jeomrye. "Lakini siku hizi hata angezaa paka tungepiga makofi."

Okbun akachomeka vipande vya mkaa na matawi mabichi, wakaenda kuifunga langoni kwa Gichol. Alipokaza fundo la mwisho, Jeomrye akamtazama.

"Sukja anakuja lini kukuchukua?"

"Jumapili."

"Na kamba itakaa wiki tatu. Mtoto utamshika lini, wewe?"

Okbun akalipapasa fundo. Alikuwa amejifungia nje kwa mikono yake mwenyewe. Kamba ikishatundikwa, asiye wa nyumba ile haingii. Na kule Gwangju, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nafasi yake ilikuwa tayari.

Mlango wa ndani ukafunguka. Diem akatokeza kichwa, kajifunga kitambaa, harufu ya supu ya mwani anayopewa mzazi ikimfuata.

"Bibi, ingia! Mimi kamba sijali!"

"Funga mlango, upepo utakuingia! Miguu ina joto?"

"Sakafu imewashiwa moto chini, inachoma, bibi! Kwetu huwa tunawekewa makaa chini ya kitanda."

"Kumbe kwenu nako wana akili!"

Diem akamwinua mtoto kidogo. Kwa mbali kilionekana kifurushi tu, na kitu chekundu kikipiga miayo. Okbun alirudi kwake akapika wali, ukamshinda.

Jumapili Sukja akafika na gari. Ni mwanamke mtu mzima sasa, ana kijana mmoja ambaye ameapa hataoa.

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Sijafunga."

"Mama!"

Okbun akamshika mkono, akampeleka mpaka langoni kwa Gichol. Sukja akasimama mbele ya kamba, akagusa tawi.

"Msonobari," alisema. "Kama yangu. Bibi alilala na njaa, sivyo?"

"Alilala. Supu yake nikainywa mimi."

Sukja akacheka, akapangusa macho kwa kiganja.

"Nafasi yako hawataishikilia, mama."

"Wampe mwingine. Wazee wataisha lini nchi hii?"

"Na ukianguka bafuni? Nani atakuokota?"

"Na huko ataniokota nani? Si ulisema watakaoniogesha wametoka Uchina? Hapa nina wa Vietnam, na ananiita bibi."

Kutoka ndani mtoto akalia, kilio kidogo kikavu, kama mlango unaotaka mafuta. Wote wawili wakageuza shingo. Sukja hakusema tena habari ya mizigo. Alirudi nyumbani kwa mamake, akavua viatu, akaosha mchele. Jioni akaondoka peke yake, gari limejaa madebe ya kabichi zilizochachushwa kwa pilipili.

Siku Gichol aliposhusha kamba, Okbun alifika kabla ya umande kukauka. Alimpakata yule mtoto, akamnusa utosini, pale panapodunda. Akakaa naye mpaka mkono ukafa ganzi, asikubali kumtoa.

"Mwenzio magoti yananiuma, nimesimama!" alifoka Jeomrye mlangoni. "Lete huku, we mchoyo!"

"Ngoja," alisema Okbun. "Ndiyo kwanza ananizoea."