Tunu ya Kuku Wageni

Naikumbuka, mwanangu, siku aliyokuja Bi Rukia kwetu Likoni na tenga la kuku. Bi Rukia alikuwa shangazi yake mume wangu, mjane aliyekaa peke yake Kisauni. Mwanawe alikuwa amemchukua akaishi naye Mikindani, nyumba ya ghorofa, pahali ambapo kuku hana pa kuparura. Mimi nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, na ua tulikuwa nao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ndio nizungumzao nao tangu mzee kufariki. Nakuachia amana."

Gari la mwanawe lilikuwa likimngoja barabarani, akaondoka hata maji hakunywa. Sikumuuliza wanakula nini. Na amana, mwanangu, huanza kulemea pale mwenyewe anapokupa mgongo.

Walikuwa watatu: mwekundu, mweusi na mmoja wa madoadoa. Nikawafungulia, wakajibana pembeni mwa banda kama watu waliokosea nyumba. Nikawamwagia chenga za mahindi, hawakugusa. Hata jioni chenga ziko vilevile. Nikashikwa na fadhaa. Kuku si mtu ukamuuliza. Na mtu mwenyewe, wakati mwingine, umuulizapo hulia tu.

Nikatoka kuuliza majirani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema uulize wangapi. Mama Mwende, jirani yetu mtu wa bara, akaniambia niwakatie sukuma wiki. Mama mkwe akasema chicha za nazi, hakuna kingine. Muuza samaki akaapa kwamba dagaa ndio humtia kuku nguvu. Mume wangu naye, aliyelelewa kwa shangaziye penye kuku, akasema anakumbuka mkate uliorowekwa chai, kisha akasema labda walikuwa bata. Kila mmoja nilimwona ana haki. Sasa nimfuate nani?

Nikawafuata wote. Niliwawekea sukuma, chicha, dagaa wa chumvi, mkate wa chai tamu, wali wa mchuzi uliobakia, na juu yake kaimati, maana nilisema moyoni, mgeni hukirimiwa. Mweusi na wa madoadoa walidonoa kidogo wakaacha. Mwekundu ndiye aliyekula, akala hasa, nami nikasimama pale nafurahi.

Asubuhi nilimkuta amejikunyata, macho kayafumba. Gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, limefura na limekuwa gumu. Ndipo simu ikalia.

"Wanangu wanakula?" akauliza Bi Rukia.

"Mmoja amekula, shangazi. Lakini sasa sijui ana nini." Nikaanza kulia. Nikamweleza kitu kimoja kimoja, mpaka kaimati.

Akaniambia, "Usiwape kitu tena. Maji tu. Naja."

Alivuka feri jua likiwa kali. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, hakunikaripia. Aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akampakata mwekundu, akawa analisugua lile gole taratibu kwa ncha za vidole.

"Kaimati nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliona ni tamu."

"Tamu kwako," akasema. "Sikiza, mwanangu. Mgeni hashibishwi kabla hajajua pa kulala. Mpe maji, mpe chakula chake alichozoea, umwache akutazame. Tunu, kile kitamu cha kumkaribisha, ni salamu. Na salamu haijazi tumbo."

Kisha akaendelea kusugua, mkono ungali shingoni mwa kuku. Nilidhani amemaliza.

"Nami huko Mikindani ni hivi hivi. Mkwe wangu ni mtu mwema, wallahi. Asubuhi soseji, mchana pilau, jioni mayai. Kila niketipo, sahani iko mbele. Tumbo lanisumbua, na sijui nimwambieje asione namdharau. Mimi nimezoea muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi."

Nilichanganyikiwa zaidi. Tulikuwa tunamuuguza kuku, na sasa sikujua ninayemhurumia ni yupi. Nikaingia jikoni, nikateleka muhogo. Aliula polepole, akaumaliza.

Mwekundu alipona. Gole lilishuka kidogo kidogo, akaanza kudonoa chenga, na wenzake nao. Walipozoea banda, nikawaning'inizia kishada cha mchicha kwa uzi, wakawa wanaurukia. Hapo ndipo nilipowasikia wakilia sauti ya kuku walio kwao. Mpaka leo sijui kilichomdhuru mwekundu ni dagaa, ni mkate au ni ugeni wenyewe.

Nilimpigia simu mkwewe Bi Rukia, kwa adabu, nikamwambia habari ya muhogo. Akasema, "Mbona mwenyewe hakuniambia?"

Basi mwanangu, nasikia jirani yako anahama na kuku wake watabaki mikononi mwako. Muulize kabla hajapanda gari: walikuwa wakila nini? Endelea na hicho. Wakishatulia, wape tunu moja, kidogo, kisha ngoja uone: mchicha, kipande cha papai, kokwa za tikiti. Chumvi, mafuta na sukari ni vyetu sisi, tubaki navyo. Maharagwe mabichi na maganda ya avokado usiwape kabisa. Watu wakikushauri mambo kumi, washukuru wote, lakini usiyatie yote kwenye sahani moja. Na akija mtu mzima kukaa kwako, muulize yeye pia, tena muulize mara ya pili, maana mara ya kwanza atakwambia chochote tu.

Mola akupe mkono mwepesi na moyo wa kungoja. Kila kiumbe kitakachoingia kwako kigeni, akijaalie kilale siku hiyo kimetulia, na wewe ulale vivyo hivyo.